Askari, Dawa na Tumbo: Mwili Hausomwi kwa Macho

Askari hufundishwa kutazama. Mlinzi wa lango humpima mgeni kwa mwendo wake. Polisi wa doria katika soko la Konyo Konyo humtambua asiye na raha kabla hajasema neno. Na kamanda anayekagua gwaride huona mara moja nani amedhoofu na nani amenenepa. Ujuzi huo umeokoa maisha ya wengi. Walakini liko jambo moja ambalo jicho, liwe kali namna gani, haliwezi kulitolea hukumu ya haki, nalo ni afya ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayemeza dawa zake kila siku.

Kwa miaka mingi watu wa nchi zetu waliutambua ugonjwa huo kwa wembamba. Leo mambo yamegeuka. Askari wa Juba aliyeanza dawa mwaka jana huenda mwaka huu akahitaji sare iliyo pana zaidi. Kiuno kimeongezeka, shingo imejaa, na wenzake humpongeza au humtania. Mwenyewe hajui kama afurahi au aogope. Mmoja husema moyoni kwamba maadamu amenenepa, basi amekwisha kupona. Mwingine hulichukia tumbo lake jipya na kulilaumu kidonge. Wote wawili waweza kufika mahali pamoja, yaani kuanza kuruka siku za dawa. Hapo ndipo hatari ilipo, na ndiyo sababu jambo hili linastahili kuzungumzwa wazi miongoni mwa vikosi vya ulinzi na usalama.

Wembamba ulipokuwa hukumu

Ni vema tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya pili ya mpaka, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "Slim", yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliutangaza ulimwenguni kwa jina hilohilo. Jina lilitokana na kile kilichoonekana: mtu alikonda, akaharisha, akaisha. Tangu wakati huo, katika fikira za wananchi, mwembamba akawa mshukiwa na mnene akawa mzima.

Majeshi hayakusalimika. Katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare mwaka 1986, Fidel Castro alimfahamisha Rais Yoweri Museveni kwamba, kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Askari hao walikuwa wamechaguliwa, wakaonekana kuwa wakakamavu na kufaa kwa safari. Jicho lilikuwa limewapitisha wote. Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye kumbe siye, na umdhaniaye siye kumbe ndiye.

Sudan Kusini nayo ina hesabu yake. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa askari zaidi ya 1,000 wa SPLA, kabla jeshi hilo halijabadilishwa jina mwaka 2018 na kuwa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Sudan Kusini, ulikuta kwamba askari watano hivi katika kila mia walikuwa na virusi. Kwa raia watu wazima wa nchi nzima, makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kiasi cha wawili katika kila mia. Hii si aibu ya jeshi. Ni tokeo la kazi yenyewe: kuhamishwa mara kwa mara, kuishi mbali na familia, na vita vilivyodumu kwa miongo. Lakini hesabu hiyo ina maana kwamba katika kila kikosi wamo watu wanaohusika na jambo hili, wawe wanajulikana au hawajulikani.

Dawa za kwanza na alama zake

Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kuwafikia watu wengi wa Afrika Mashariki, baada ya mwaka 2003, nyingi zilikuwa na stavudini ndani yake. Dawa hiyo ilikuwa rahisi kwa bei, na hapana shaka iliwaokoa maelfu ya watu waliokuwa wamekwisha kata tamaa. Lakini ilidai malipo yake. Ndani ya kila chembe hai ya mwili mna vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu; wataalamu huviita mitokondria. Stavudini iliviharibu vinu hivyo, hasa katika chembe zinazohifadhi mafuta chini ya ngozi. Baada ya miezi au miaka mashavu yakabonyea, makalio yakapotea, na mishipa ya mikono na miguu ikasimama kama kamba. Baadhi ya wagonjwa hao walikuwa na tumbo lililojaa au nundu ya mafuta nyuma ya shingo, huku uso ukiwa wa mtu aliyefunga siku nyingi.

Kwa hiyo dawa yenyewe ikawa inatoa siri. Virusi vilikuwa vimetulizwa katika damu, na bado mtaa mzima ulisoma ugonjwa katika uso wa mtu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziiache stavudini hatua kwa hatua. Zidovudini, ambayo ni ndugu yake, nayo iliweza kupunguza mafuta ya uso na miguu, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Lopinaviri, iliyotumika sana kwa wagonjwa ambao dawa za kwanza ziliwashinda, ilipandisha lehemu na mafuta mengine katika damu.

Askari wa zamani waliopitia dawa hizo bado wako miongoni mwetu. Mafuta yaliyopotea usoni hurudi polepole baada ya dawa kubadilishwa, na mara nyingi hayarudi yote. Anayemwona mkongwe mwenye mashavu yaliyozama na kusema kwamba "huyo amezidiwa" anausoma ukurasa wa zamani. Huenda mzee huyo ana damu safi kuliko kijana anayemcheka.

Kidonge cha leo

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe msingi wa matibabu ya kwanza. Katika nchi zetu hutolewa ndani ya kidonge kimoja cha kila siku kijulikanacho kama TLD, ambacho kimechanganya tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mkataba wa bei uliotangazwa mwaka 2017 ulikiwezesha kupatikana kwa kiasi cha dola 75 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kidonge hicho hutuliza virusi haraka, na virusi hupata taabu kubwa kukizoea. Hakina ule uharibifu wa stavudini. Kwa kifupi, ni silaha bora kuliko zote zilizopata kuwafikia wananchi wa kawaida wa bara hili.

Hata hivyo wanaokitumia huongezeka uzito, na swali ni kwa nini.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni ya heri. Virusi visivyodhibitiwa hula nguvu za mwili. Mwili hupigana usiku na mchana, tumbo huharisha, hamu ya chakula hupotea. Dawa inapovituliza virusi, vita hivyo vya ndani hukoma; chakula kilekile kilichokuwa kikipotea sasa hubaki mwilini. Aliyeanza dawa akiwa na kilo 50 na akafika 60 ameirudia afya yake, na kila mtu ana haki ya kumpongeza.

Sehemu ya pili inahitaji uangalifu. Katika uchunguzi uliofanywa Johannesburg kwa watu 1,053 waliokuwa wakianza dawa, waliopewa dolutegraviri pamoja na tenofoviri ya aina iliyomo katika TLD waliongezeka, kwa wastani, kilo 4 na kidogo baada ya majuma 96. Waliopewa matibabu ya zamani yenye efavirenzi waliongezeka kilo 2 na kidogo tu. Kundi la tatu, lililopewa dolutegraviri pamoja na aina mpya zaidi ya tenofoviri, liliongezeka kilo 7. Wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Uchunguzi mwingine wa Yaounde, nchini Cameroon, nao ulionyesha kwamba waliotumia dolutegraviri waliongezeka zaidi ya wenzao.

Msomaji atambue mambo mawili hapa. Kwanza, hizo ni hesabu za wastani: wapo ambao hawakuongezeka hata kilo moja, na wapo walioongezeka kumi na zaidi. Pili, wataalamu bado wanajadiliana ni kiasi gani cha tofauti hiyo chatokana na dolutegraviri yenyewe, na ni kiasi gani chatokana na dawa za zamani ambazo zenyewe zilizuia uzito kupanda. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba uzito hupanda, na kwamba kwa baadhi ya watu hupita kile kiwango cha afya.

Bohari na mtunza ufunguo

Yafaa sasa tueleze kwa nini tumbo lina uzito kuliko jinsi linavyoonekana. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana ukorofi mwingi. Yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yakiyazunguka ini na matumbo, ndiyo yenye madhara. Hayo humwaga mafuta katika damu na ini, na huufanya mwili usiitii insulini.

Tuchukue mfano wa bohari ya kikosi. Sukari itokanayo na chakula ni shehena inayofika langoni. Insulini ni mtunza ufunguo anayefungua milango ili shehena iingie katika misuli na sehemu nyingine za mwili. Mafuta ya tumboni yanapozidi, kufuli huwa kama zimeshika kutu. Mtunza ufunguo hufanya kazi maradufu, na kwa muda milango hufunguka. Siku moja huchoka. Hapo shehena hubaki nje, sukari hujaa katika damu, nasi huita hali hiyo kisukari. Wakati huohuo mafuta katika damu huziba mishipa kidogo kidogo, shinikizo la damu hupanda, na moyo hubeba mzigo usioonekana katika gwaride lolote.

Mfano wa karibu nasi watoka Kampala. Mwaka 2020 madaktari wa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere walieleza kwamba, kati ya wagonjwa 3,417 waliohamishiwa dolutegraviri, 16 walipatwa na sukari nyingi katika damu. Katika kundi la wagonjwa 3,230 waliokuwa katika dawa nyingine, alipatikana mmoja tu. Watu 16 katika zaidi ya elfu tatu ni wachache, wala hapana sababu ya kuzusha hofu. Lakini fundisho lake ni kubwa. Wengi wao walikuwa watu wazima waliokwisha kutumia dawa kwa miaka. Na baadhi yao, kabla ya kugunduliwa, walikuwa wamekonda.

Hebu tulifikirie jambo hilo katika mazingira ya kambi. Sajini anayemeza dawa vizuri anaanza kukonda; ana kiu isiyokatika, anaamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, macho yanaona ukungu. Wenzake wanaojua hali yake watasema kwamba dawa zimemshinda. Yeye mwenyewe aweza kuamini hivyo na kukata tamaa. Kumbe virusi vimelala, na kinachomla ni sukari, ambayo tone moja la damu kidoleni lingeifichua kwa dakika moja. Unene umemdanganya mmoja, wembamba umemdanganya mwingine. Macho yamekosea mara mbili.

Kosa lililo kubwa kuliko tumbo

Mtu aweza kuuliza: ikiwa dawa yaweza kuongeza mafuta na sukari, si afadhali kupumzika kidogo, mwili upungue, kisha kuanza tena?

Swali hilo limekwisha jibiwa kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu wengi walidhani kwamba kupumzisha dawa kungempunguzia mgonjwa madhara yake, hasa ya moyo. Uchunguzi mkubwa ulioitwa SMART ukawaandikisha watu 5,472 katika nchi nyingi. Nusu waliendelea na dawa bila kukoma. Nusu waliacha kinga ilipokuwa nzuri na kurudia iliposhuka. Mwaka 2006 ilibidi mpango wa kupumzisha usimamishwe kabla ya wakati. Waliopumzika waliugua na kufa zaidi. Na jambo ambalo halikutazamiwa ni kwamba walipatwa zaidi hata na maradhi ya moyo, ini na figo, yaleyale ambayo mapumziko yalikusudiwa kuyakinga.

Sababu yake sasa yajulikana. Virusi vikiamshwa huwasha moto wa ndani unaochoma kuta za mishipa ya damu. Kwa hiyo anayeacha kidonge ili aulinde moyo wake anauwasha moto katika nyumba anayotaka kuilinda. Kadhalika, mtu ambaye virusi vimetulizwa kabisa katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Akiacha dawa, kinga hiyo ya mke, mume au mchumba nayo huondoka.

Tumbo laweza kutibiwa huku dawa zikiendelea. Dawa zikiachwa, hata tumbo halitakuwa na wa kulitibu.

Mazingira ya Juba

Shauri la daktari wa London au Chicago haliwezi kuchukuliwa lilivyo na kupelekwa Giada, Bilpam au Buluk. Juba ina hali zake.

Ya kwanza ni umri. Aliyeingia msituni mwaka 1985 akiwa na miaka 20 sasa amefika 60. Kizazi kilichoibeba vita ya 1983 hadi mkataba wa amani wa 2005 kimeingia katika umri ambao kisukari na shinikizo la damu huja hata kwa asiye na virusi. Wengi wa watu hao sasa ni maofisa wanaokaa mezani na kupanda magari, baada ya maisha ya kutembea kwa miguu mamia ya maili.

Ya pili ni njaa iliyopita. Watu waliozaliwa Bahr el Ghazal wakati wa njaa ya 1988 leo ni askari walio katikati ya utumishi wao. Uchunguzi uliofanywa Enugu, Nigeria, miongoni mwa watu waliozaliwa wakati wa njaa ya vita vya Biafra, vya 1967 hadi 1970, ulikuta kwamba walipofika miaka 40 hivi walikuwa na shinikizo la damu na matatizo ya sukari kuliko waliozaliwa baada ya vita. Mwili uliofundishwa uhaba tumboni mwa mama hauna uzoefu wa kupokea wingi.

Ya tatu ni maumbile. Wadinka, Wanuer na jamii nyingine za Kiniloti ni watu warefu wenye miguu mirefu. Kipimo cha kawaida cha kulinganisha uzito na urefu huweza kumwita mzima kuwa amekonda, na huweza kumpitisha mwenye mafuta ya hatari tumboni kwa kuwa mikono na miguu yake ni miembamba. Kwa askari kama huyo mizani peke yake haitoshi. Kiuno ndicho kisemacho kweli.

Ya nne ni chakula. Asida, kisra, wali na maharage si adui wa mtu. Lakini chai ya vijiko vinne vya sukari mara tano kwa siku, soda na vyakula vilivyoogeshwa mafuta ni mambo mengine. Hapa yatakiwa busara. Mishahara imechelewa kwa miezi mingi katika miaka ya karibuni, na si haki kumwambia askari anayekula mara moja kwa siku kwamba apunguze chakula. Huyo ahitaji chakula bora zaidi. Shauri la kupunguza sukari na mafuta ni la yule ambaye kiuno chake kimekwisha kupimwa na kuonekana kimezidi.

Ya tano ni fedha za dawa zenyewe. Matibabu ya UKIMWI katika Sudan Kusini yametegemea sana misaada ya Marekani na ya Mfuko wa Dunia. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha ikaruhusu baadhi ya huduma za kuokoa maisha ziendelee. Tukio hilo liliwatia hofu wagonjwa kote Afrika, na kuzionyesha serikali kwamba bohari ya mtu mwingine si bohari yako. Mahali ambapo fedha ni chache, kidonge hupewa nafasi ya kwanza, na ni haki kiwe hivyo. Vipimo vya lehemu na mafuta ya damu huwa vya mwisho. Basi hatuna budi kutafuta njia za kupima zisizongoja ndege ya msaada.

Utepe, mizani na siri

Njia hizo zipo. Utepe wa fundi cherehani, ambao hupatikana katika soko lolote la Juba, ni kifaa cha afya. Hupimwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na kutoa pumzi bila kulibana tumbo. Kanuni iliyo rahisi ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wa mtu. Askari wa sentimita 180 asifike 90. Wa sentimita 190 asifike 95. Atakayevuka hapo hajahukumiwa kuwa mgonjwa, lakini yampasa aonane na daktari.

Pamoja na utepe, zahanati ya kila kikosi yahitaji mizani, mashine ya shinikizo la damu na kipimo cha sukari cha kidoleni. Shinikizo linalofika 140 juu au 90 chini, likirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, hutaka matibabu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika 7.0, kwa kipimo cha milimoli, au 126 kwa kipimo cha miligramu, hutakiwa ithibitishwe na kushughulikiwa. Vipimo hivi vichukuliwe siku mtu anapoanza dawa, ili pawe na mahali pa kulinganishia, kisha virudiwe kila ajapo kuchukua dawa. Anayehamishwa kwenda Malakal, Wau au Torit apewe dawa za miezi mitatu au zaidi pamoja na kadi yenye vipimo vyake, kwa maana historia ya mwili haipaswi kubaki Juba mwenyewe akiwa mpakani.

Mazoezi ni sehemu ambayo askari ana nafasi kuliko raia. Mjini Kigali, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, watu 100 waliokuwa wakitumia dawa na ambao mafuta ya miili yao yalikuwa yamehama waligawanywa katika makundi mawili. Kundi lililofanya mazoezi kwa miezi sita lilipungua kiuno, na mafuta na sukari ya damu vikashuka. Hakikuhitajika kifaa cha gharama. Kambi ambayo ina uwanja na filimbi ina nusu ya tiba. Lakini mazoezi hayo yawe ya kikosi kizima, pasiwe na safu ya "wenye dawa".

Wale wenye umri wa miaka 40 na zaidi wamwulize daktari kuhusu dawa za kupunguza lehemu. Mwaka 2023 matokeo ya uchunguzi wa watu 7,769 wanaoishi na virusi, wakiwamo wa Uganda na Afrika Kusini, yalionyesha kwamba dawa ya aina hiyo ilipunguza kwa asilimia 35 mashambulio ya moyo, kiharusi na matukio mengine kama hayo. Na mwenye kisukari anayetumia TLD asinunue metifomini sokoni kwa kukisia: dolutegraviri huifanya metifomini izidi katika damu, na kwa kawaida daktari hamruhusu apite miligramu 1,000 kwa siku.

Linabaki neno kwa makamanda. Vipimo hivi vyote havitakuwa na faida ikiwa kiuno cha askari kitakuwa habari ya kantini. Wapimwe wote, wenye virusi na wasio navyo, katika chumba kimoja na kwa daftari moja, kwa maana kisukari na shinikizo la damu havichagui. Askari ambaye virusi vyake vimetulizwa apangiwe kazi kwa uwezo wake, si kwa uvumi wa sura yake. Anayeogopa kunyimwa cheo au lindo ataficha dawa zake, na dawa inayofichwa husahaulika upesi.

Jicho la askari libaki langoni na barabarani, ambako lina kazi. Katika zahanati liachie utepe na tone la damu. Na askari anayesoma makala haya akiwa na kidonge mfukoni na wasiwasi juu ya kiuno chake na akimeze leo kwa saa yake ya kawaida, kisha kesho asubuhi aende akapimwe.